Bunia ya kutazama na Bunia ya kutembea

Muchimbaji anayeshuka kutoka Mongbwalu, gramu zake ameuza, akifika kwenye Boulevard de la Libération anaona muji unangaa: maduka, taa, muziki, nyumba za étage. Anasema: "Bunia iko muzuri!" Hadanganyi. Lakini bibi yake, anayebaki hapa na watoto miezi yote, ananyamaza tu. Yeye anajua bei ya makala, foleni ya maji, na mwenye nyumba anayegonga mulango mwisho wa mwezi. Muji ni ule ule moja.

Ubishi huu ni wa zamani. Walimu wetu wa Kifaransa wanatufundisha Victor Hugo; Waingereza nao walikuwa na washairi wao wa wakati ule wa romantiques. Wawili kati yao walitazama London, kila mutu kwa namna yake.

Mwaka wa 1802, William Wordsworth alikuwa safarini kwenda Ufaransa. Asubuhi mapema akapita juu ya daraja la Westminster, akaona muji ungali umelala: hewa bila moshi, muto polepole, jua juu ya nyumba. Akaandika shairi fupi la kusifu. Ni zuri, lakini ni la mutu wa milima aliyekuwa anapita. Yeye mwenyewe, mahali pengine, akikumbuka wakati alipokaa London, anashangaa namna watu wanakaa mulango kwa mulango na hawajuani majina.

William Blake, yeye, alizaliwa kule kule, na alikula jasho lake kama fundi wa kuchora juu ya shaba. Shairi lake juu ya London lilitoka mwaka wa 1794. Hasimami juu ya daraja. Anatembea barabara kwa barabara mpaka usiku, anatazama nyuso za watu: mutoto anayesafisha bomba za moshi, askari, binti anayeuza mwili. Tena hasemi tu "maskini ni wengi". Kilio cha mutoto anakipeleka mpaka kanisani, damu ya askari mpaka kwenye ukuta wa jumba la mufalme. Anauliza nani anapashwa kujibu.

Kwangu mimi, huyu wa pili ndiye anatufaa Ituri.

Tuchukue wale watoto wa bomba za moshi. Uingereza ilikuwa na sheria tangu 1788: mutoto chini ya miaka 8 asifanye kazi ile. Blake alipoandika, sheria ilikuwa tayari, na watoto walikuwa bado wanaingia. Kazi ile ilikomeshwa kweli kisha sheria ya 1875, wakati polisi walipewa nguvu ya kufuata. Karibu miaka 90 ya karatasi tupu!

Na sisi? Code minier ya 2002, iliyorudiliwa 2018, inasema wazi: muchimbaji wa mukono awe mutu mukubwa, awe na karte. Karatasi tunayo. Lakini mutoto anayebeba muchanga kwenye machimbo, ao anayeosha mawe saa ya masomo, nani kati yetu hajamuona? Tunamupita tu, tunasema: "Maisha iko nguvu."

Ni vile vile mjini. Dhahabu ya Kilo ilivumbuliwa mwaka wa 1903. Zaidi ya miaka mia moja imepita kwa njia hizi. Na leo, katika muji ule ule unaouza dhahabu, familia zilizokimbia vita Djugu zinalala chini ya shiti kule Kigonze. Mutu anayetazama Bunia toka mbali hawezi kuwaona.

Sisemi tuache kusifu muji wetu. Mutu anayetoka shimoni anahitaji kitu kizuri cha kutazama, na Wordsworth hakukosea kufurahi. Lakini furaha ya anayepita haijengi muji.

Basi, ndugu muchimbaji, ukishuka tena, acha moto kidogo, tembea kwa miguu ndani ya kartie yenu pamoja na mama watoto. Akuonyeshe foleni ya maji. Ujue jirani anaitwa nani. Na ukirudi kule juu, ukikuta mutoto shimoni, usipite. Uliza PDG, uliza kooperative yenu: huyu anafanya nini hapa?