Kazi ya jongoo Bamburi

Mwaka 1971, machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, yalikuwa uwanda mtupu wa mawe ya matumbawe. Udongo haukuwepo, kivuli hakikuwepo, na maji ya chini yalikuwa ya chumvi. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu kupanda aina 26 za miti. Zilistahimili tatu tu, mvinje ukiwa mbele.

Hata mvinje ulileta mashaka yake. Majani yake makavu yalirundikana juu ya jiwe bila kuoza. Mkombozi akawa jongoo. Haller alimwona akiyatafuna, majongoo wakakusanywa kwa mamia na kuachiwa chini ya miti. Kinyesi chao kikageuka mboji, na mboji ikalea miti mingine. Machimbo yakageuka bustani, na mwaka 1984 wananchi walifunguliwa milango.

Wazo la kugeuza shimo kuwa bustani lilikuwa la zamani. Paris ilifungua bustani ya Buttes-Chaumont mwaka 1867, juu ya machimbo ya jasi yaliyokuwa jalala. Mhandisi Alphand alitumia baruti, shehena za udongo, pampu za kupandisha maji ya maporomoko, hata saruji iliyofinyangwa ifanane na mwamba. Inapendeza mno, ila kovu la ardhi lilifunikwa kwa nguvu na gharama.

Huko Bamburi, viumbe wenyewe waliachiwa kazi, na hapo ndipo usanifu wa mandhari wa leo ulipoelekea. Nchini Ujerumani, msanifu wa mandhari Peter Latz alipogeuza kuwa bustani kiwanda cha chuma cha Duisburg kilichofungwa mwaka 1985, hakuzing'oa tanuri zake. Tangi la gesi likawa bwawa la wapiga mbizi, na kuta za maghala ya madini zikawa za wakwea miamba.

Kosa linalobaki kwetu ni la wakati. Msanifu wa mandhari huitwa mwishoni, kama mpishi anayeombwa kunyunyiza kotimiri juu ya wali ulioungua. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 tayari inazungumzia kurejesha ardhi iliyochimbwa. Wizara na kaunti zidai mchoro wa mandhari kabla ya jiwe la kwanza kupasuliwa: maji yatatuama wapi, kingo zitakatwa kwa mteremko gani, miti itaanzia upande upi. Haller alikuta shimo limekwisha kuchimbwa. Anayeomba leseni leo hana udhuru huo.