Mzee Stirling wa Lulindi na Mnero

Mtumishi wa serikali anapopokea barua ya kumpeleka wilaya ya mbali, mara nyingi jambo la kwanza analolifanya ni kutafuta njia ya kuikwepa. Wakuu wa idara wanalifahamu jambo hili. Walimu wakuu wa shule za pembezoni wanalifahamu zaidi, maana wao ndio wanaoachiwa madarasa yasiyo na walimu. Kwa sababu hiyo tunaona inafaa kumkumbuka Mzee Leader Stirling, daktari na Waziri wa Afya wa zamani, aliyefariki dunia Februari 2003 akiwa na umri wa miaka 97.

Mzee Stirling alizaliwa Uingereza mwaka 1906. Alifika Tanganyika mwaka 1935 akiwa daktari mpasuaji wa Misheni ya Vyuo Vikuu, akapelekwa kusini, nchi ya Masasi. Hospitali aliyoianzia kazi Lulindi ilikuwa ya udongo na nyasi, na humo humo alipasua wagonjwa. Alikaa Lulindi miaka 14. Kisha alihamia Mnero, wilaya ya Nachingwea, katika hospitali ya Wabenediktini, akakaa miaka mingine 15, na ndipo akaenda Kibosho. Mpango wa Karanga wa Waingereza ulifika Nachingwea na matrekta yake na fedha nyingi, ukafa mwaka 1951. Daktari yule alibaki.

Alitambua mapema kwamba daktari mmoja, hata angekuwa hodari namna gani, hawezi kutibu nchi nzima. Basi akawafundisha vijana wa pale pale kazi ya uuguzi. Kwa desturi yetu mzee huitwa babu na watu asiowazaa, na wauguzi wa kusini waliofunzwa na watu aliowafunza yeye wana haki ya kumwita hivyo.

Mwaka 1958, katika uchaguzi ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, Stirling aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Oktoba 1961 lilizuka Bungeni suala la uraia. Wako Wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika huru ufuate rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere alikataa katakata, akasema kwamba Serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Wapo hata leo wanaodhani kwamba Mwalimu alikuwa akiwapendelea wageni. Sisi tunaona alikuwa akiilinda Tanganyika isijinyime watu wa namna ya daktari huyu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwatumikia wananchi wa kusini kwa zaidi ya robo karne.

Mwaka 1975 Mwalimu alimteua kuwa Waziri wa Afya. Siasa ya afya ya wakati ule ilikuwa kupeleka zahanati na vituo vya afya vijijini kabla ya kupanua hospitali kubwa za mijini, na Waziri huyu hakuhitaji kuelezwa kijiji ni nini. Si kila lililofanywa katika kipindi chake lilidumu. Sheria ya 1977 iliyopiga marufuku matibabu binafsi ya biashara iliwanyima wananchi baadhi ya madaktari, na mwaka 1991 ililegezwa. Ni haki kulisema hilo, kwani Stirling hakuwa malaika. Alitoka Wizarani mwaka 1980, akazeekea hapa hapa Tanzania.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kumtumia mzee huyu kama fimbo ya kumchapia mwalimu kijana anayekataa kwenda pembezoni. Stirling alichagua mwenyewe kwenda Lulindi, na nyuma yake ilikuwapo misheni. Mwalimu anayepelekwa leo mahali pasipo na nyumba, na ambaye posho yake ya kujikimu inachelewa miezi mingi, hana msingi kama huo. Halmashauri zinazolalamika kwamba watumishi wanawakimbia zianze kwa kuhesabu nyumba za watumishi katika shule na zahanati zao za mbali, ziwaeleze madiwani ni ngapi zilizopo na ni ngapi zinazokalika, kabla ya kuomba watu wengine.