Deni la mtafiti wa afya lilipiwe



Marekani wana mpango mmoja ninaouonea wivu. Tangu sheria ya mwaka 2000, Taasisi za Taifa za Afya (NIH) humlipia deni la masomo mtaalamu anayechunguza tofauti za afya baina ya jamii. Sasa ni hadi dola 50,000 kwa mwaka, mradi atafiti kwa miaka miwili, saa 20 au zaidi kwa wiki.

Kwetu Tanzania, daktari anayetaka kujua kwa nini mjamzito wa kijijini hufa kwa maradhi yanayotibika mjini hukatwa asilimia 15 ya mshahara kama mnufaika mwingine yeyote wa mkopo wa elimu ya juu aliyeajiriwa. Jioni hukimbilia zahanati binafsi (nani amlaumu?), madodoso yakabaki kabatini.

Bodi ya Mikopo ijaribu mpango kama huo wa Marekani, hata kwa watafiti 20 tu.

Msomaji wako,
Morogoro