Mazungumzo ya Mwezi: Mkubwa Ajuaye Kucheka

Twawaandikia tukiwa hapa Kaniha, wilaya ya Biharamulo. Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni kicheko cha mkubwa mbele ya watu anaowasimamia kazi.

Twajua ya kuwa wako watakaotujibu upesi kwa mithali ya wazee, Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mithali hiyo ni ya kweli, wala hatukusudii kuipinga. Sisi wenyewe tuliishika kwa nguvu tulipokuwa vijana, hata ikatutia hasarani. Sikilizeni habari yenyewe.

Miaka mingi imepita tangu tulipopewa usimamizi wa vibarua waliofyatua matofali ya kujengea shule. Fedha ilikuwa mchango wa wazazi, nasi tuliogopa isije ikapotea. Basi tukaweka amri: kazini pasiwe na mazungumzo, wala nyimbo, wala kucheka. Tukakunja uso tangu asubuhi hata jioni, tukidhani ya kuwa hiyo ndiyo alama ya ukubwa. Matofali yakapangwa tanuru, moto ukawashwa. Tulipolifungua, upande mmoja mzima ulikuwa umepasuka vipande vipande, kwa maana matofali yaliyowekwa kivulini yalikuwa hayajakauka yalipotiwa motoni. Tukawakusanya vibarua, tukauliza kwa hasira, nani aliyejua? Kijana mmoja akajibu kwa adabu, macho yake chini: "Mimi niliona, bwana mwalimu, lakini ulitukataza kusema." Hatukuwa na neno la kumjibu.

Tanuru la pili akapewa mzee mmoja, fundi. Kila asubuhi alikwenda penye matofali ya jana, akatafuta lililopinda miongoni mwa yale aliyofyatua mwenyewe, akaliinua juu na kusema, "Hili ni langu mimi, mkubwa wenu. Mwenye baya kuliko hili na alilete, nimwachie cheo changu!" Watu wakacheka, kisha wakaanza kuleta yao, huyu lenye ufa, yule lililo bichi ndani. Kabla jua halijapanda, makosa ya jana yote yalikuwa peupe, wala hapakuwa na mtu aliyeaibishwa. Katika tanuru lile matofali yaliyoharibika yalikuwa machache sana. Ndipo tulipofahamu ya kuwa hofu hufunga kinywa cha mfanya kazi, na kosa lililofungiwa humo hukua. Kicheko hukifungua kinywa, kosa likatoka lingali dogo.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wetu walikuwa na utani. Wapagazi wa Kinyamwezi, walioshuka na misafara kutoka Tabora mpaka Bagamoyo katika karne ya 19, walikuta watani wao kwa Wazaramo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ile ile, na baadaye wakawa watani. Katika mwaka 1944 bwana R. E. Moreau, mwenye elimu ya ndege aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika, maana aliona ya kuwa si upuuzi. Mtani huweza kumwambia mkubwa lile ambalo ndugu yake mwenyewe huogopa kumwambia, naye mkubwa hana ruhusa ya kukasirika.

Tena tazameni jirani zetu Wasukuma, ambao wengi wao wamehamia pande zetu hizi. Katika bugobogobo, ngoma ya jembe, wakulima hulima kwa mapigo ya ngoma, na mafundi wao huyarusha majembe juu na kuyadaka. Mpita njia asiyejua angesema hawa wanacheza tu. Lakini na ageuke nyuma aone shamba lilivyolimwa! Mpiga ngoma hamfokei mtu, naye ndiye anayewaongoza wote, maana kila jembe hushuka kwa mapigo yake.

Hata wakuu wa nchi walilijua jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuitawala nchi, aliyependa mchezo wa bao, alizungumza na wafanyakazi mjini Mbeya siku ya Mei Mosi mwaka 1995, miaka kumi baada ya kuacha urais. Mambo aliyoyanena yalikuwa mazito: rushwa, ukabila na udini. Watu walicheka sana, lakini waliyoyacheka hawakuyasahau. Mpaka leo maneno ya siku ile hurudiwa redioni na barazani. Kama angeyasoma kwa uso mkavu, twadhani yangalikwisha sahauliwa.

Lakini hapa na tuangalie sana, ndugu zetu, maana si kila kicheko kina faida. Yuko mwalimu amchekaye mtoto mwenye kigugumizi mbele ya wenzake. Yuko msimamizi afanyaye mzaha juu ya umaskini wa kibarua, naye kibarua hucheka kwa meno tu, kwa kuwa anahofia ujira wake. Huo si utani, ni kiboko kilichofichwa. Sheria ya utani yajulikana na watu wote: atanie na akubali kutaniwa. Mkubwa asiyeweza kurudishiwa mzaha wake, heri anyamaze. Tena na aanze kwa kujicheka mwenyewe, kama mzee yule na tofali lake, ndipo wengine wajue ya kuwa mlango u wazi.

Tena kicheko hakiondoi hesabu. Mzee yule alicheka, lakini tofali bovu hakulitia tanuruni. Aliyechelewa alikatwa ujira wake, na aliyeiba alifukuzwa. Hata Mhubiri, alipozigawanya nyakati za mwanadamu, alikipa kicheko wakati wake, wala hakukipa siku nzima.

Basi enyi walimu, na ninyi baba na mama, maana kila nyumba ni mahali pa kazi nayo ina wakubwa wake, twawaomba jambo moja mwezi huu. Mtoto akivunja chungu, au mwanafunzi akikosa hesabu, kabla hamjakunja uso mkumbukeni chungu mlichovunja ninyi mlipokuwa na umri wake, mkamsimulie. Kisha mwacheni aeleze yeye lilivyotokea. Huenda mkasikia neno ambalo lingefichwa mwaka mzima.

Kijana yule wa tanuru la kwanza ni fundi mkubwa sasa, mwenye vibarua wake. Kila tukutanapo njiani hutuuliza kwa sauti kubwa, mbele ya watu, "Bwana mwalimu, leo tumeruhusiwa kusema?" Watu hucheka, nasi hucheka pamoja nao, ingawa hata leo neno lile hutuchoma kidogo. Twamshukuru kwa kutotusamehe upesi.