Bwana Msa, Padre Brown na kioo cha mganga



Juma lililopita, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana waliniuliza ni mpelelezi gani wa hadithini ninayempenda kuliko wote. Nadhani walitaraji nimtaje Sherlock Holmes, au Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba, ambaye alitukesha wengi wetu seminarini kwa mwanga wa tochi. Nikawajibu: Bwana Msa. Wakatazamana.

Bwana Msa ni mtu wa Unguja, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla. Yeye havuti bastola, huvuta kiko. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, Bwana Ali ameuawa na maiti yake imekutwa mahali panapoogopwa kwa mizimu. Watu wako tayari kuyaacha mambo yaishie hapo. Bwana Msa haridhiki. Anauliza, anapima, anarudi kuuliza tena, hata mkono wa binadamu unaonekana.

Sasa tazameni filamu zinazooneshwa vibandani, zetu na za Nigeria. Mtu amekufa, jamaa wanakwenda kwa mganga, mganga anatazama kioo au chungu cha maji, na sura ya mwovu inatokea humo, wazi kabisa, mara nyingi sura ya bibi kizee. Kesi imekwisha! Hakuna shahidi aliyeulizwa neno, wala mtuhumiwa hakupewa nafasi ya kujitetea. Mnisamehe ninyi mnaozipenda, lakini mimi filamu hizo zinanitia hofu kuliko zile za bastola.

Sababu mnaijua. Katika mikoa yetu hii ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na “ushahidi” ukawa macho mekundu. Macho hayo ni moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni, wakiwapikia hao hao wanaowashutumu. Niliwahi kumzika mmoja wao. Tangu matanga hadi leo sijamsikia mtu akiuliza yule mtoto aliyefariki, ambaye bibi alisingiziwa kifo chake, alikuwa akiumwa nini.

Vijana wakaniuliza, je, Padre hampendi padre mwenzake? Nampenda sana. Padre Brown alibuniwa na Mwingereza G. K. Chesterton mwaka 1910. Katika hadithi ya kwanza mwizi Flambeau amejivika mavazi ya kipadre, naye Padre Brown anamtambua kuwa si padre kwa sababu aliishutumu akili. Padre aliyefundishwa vema, asema, hawezi kufanya hivyo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikumbuka mitihani yetu ya falsafa, nikacheka peke yangu.

Katika filamu ya mwaka 1954 Padre Brown aliigizwa na Alec Guinness. Wakiwa Ufaransa katika kazi hiyo, jioni moja mtoto mdogo alimwona barabarani amevaa kanzu, akamshika mkono na kutembea naye akizungumza, akidhani ni padre wa kweli. Guinness hakuwa Mkatoliki wakati huo. Alipokelewa katika Kanisa mwaka 1956, na tukio lile hakulisahau. Mark Williams, aliyeanza kumwigiza katika televisheni ya BBC mwaka 2013, ni mwigizaji mzuri, ila mauaji yamekuwa mengi mno kwa kijiji kimoja cha Uingereza! Na vitabuni Padre Brown anajishughulisha zaidi na roho ya mkosaji kuliko pingu: Flambeau mwenyewe mwishowe anaacha wizi na kuwa mpelelezi.

Lakini Padre Brown ana waigizaji wake tayari. Bwana Msa mimi nimemjua kwa kitabu tu, na natamani kumwona akiingia katika kijiji cha kwetu, siku hiyo hiyo ambapo jina la bibi fulani limeanza kunong’onwa, akiketi na kuuliza mtoto alikula nini, aliugua lini, zahanati walisema nini.

Nimewaazima vijana nakala yangu, ambayo jalada lake lilikwisha ng’oka. Wanasema wataigiza sehemu yake ukumbini. Mwenye kiko cha babu yake, tafadhali akilete ofisini kabla ya Dominika.