Kuutazama Utumbo Mpana kwa Picha

Yako maradhi yatajwayo barazani, na yako yafichwayo hata mke asimwambie mumewe. Ya utumbo mpana ni katika haya ya pili, na twaona kuwa haya imewazika wengi ambao wangaliweza kupona.

Saratani ya utumbo huu aghalabu huanza kwa kinyama kidogo kiotacho ndani yake, kisichouma. Vingi havigeuki saratani. Kile kigeukacho kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi. Basi muda upo, ikiwa mtu atatazamwa.

Utazamaji uliozoeleka ni wa kupitisha mpira mrefu wenye kamera katika njia ya haja kubwa. Mwaka 1994 Dkt. David Vining, huko North Carolina, Marekani, alionyesha njia nyingine: mashine ya CT huuzunguka mwili kwa eksirei, kisha kompyuta huziunganisha picha hata daktari akawa kama atembeaye ndani ya utumbo. Hapana dawa ya usingizi, na kazi huisha kwa robo saa hivi. Uchunguzi wa watu 1,233 uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa, katika kila watu 10 wenye vinyama vya hatari vya milimita 10 au zaidi, picha ziliwatambua zaidi ya 9.

Lakini wasemao kuwa kipimo hiki hakimgusi mtu wamezidisha. Tumbo halina budi kusafishwa kwanza kwa dawa ya kuharisha (na hayo ndiyo mashaka yenyewe), tena kijimpira kifupi huingizwa ili kupuliza hewa, utumbo utanuke. Mionzi nayo ipo, ingawa si mingi. Vinyama vidogo mno, au vilivyolala bapa, huweza kupita bila ya kuonekana. Wala picha haikati: kikionekana kinyama kikubwa, mtu hurudi kwenye mpira ule ule alioukimbia, kikatolewe.

Kwa hiyo aonaye damu chooni, au ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma, au apungukiwaye damu bila ya sababu, asijichagulie kipimo. Na aende kwa daktari upesi, amweleze waziwazi, naye ndiye atakayechagua.

Kwa asiye na dalili, ushauri wa Marekani tangu 2021 ni kuanza kutazamwa atimizapo miaka 45. Akichagua picha, hurudia kila miaka 5. Katika nchi zetu mashine za CT ni chache, na nyingi zimo katika miji mikubwa. Kipimo cha kutafuta damu iliyofichika katika choo ni chepesi zaidi, nacho chafaa kuulizwa. Ambaye mzazi wake au nduguye alipata saratani hii hutakiwa kuanza mapema. Basi kabla ya kwenda, waulizeni wazee nyumbani babu na shangazi walifariki kwa maradhi gani, maana daktari atauliza.