Chama cha Wakazi na Muhuri wa Serikali ya Mtaa

Katika msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, kijana mmoja wa Manispaa ya Singida alinijia akiwa na fomu isiyo na sahihi. Ofisi ya mtaa wao ilikataa kuisaini kwa kuwa mama yake, mjane anayeuza vitunguu, alikuwa na deni la miezi saba la mchango wa walinzi wa usiku. Mchango wenyewe haukuwa wa serikali. Ulikuwa wa chama cha wakazi, ambacho mwenyekiti wake ndiye huyo huyo mwenyekiti wa mtaa. Kijana alionyeshwa kifungu kinachomnyima barua na sahihi kila asiyelipa, ndani ya kijitabu chenye neno moja juu ya jalada: Katiba.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye neno hilo. Tunalitumia kwa waraka wa mwaka 1977 unaoiunda Jamhuri ya Muungano, na tunalitumia vilevile kwa makubaliano ya majirani arobaini waliokutana chini ya mwarobaini. Chama kimeazima jina, si mamlaka. Ibara ya 64 ya Katiba ya nchi inabatilisha sheria yoyote inayokwenda kinyume nayo. Sheria ya Tafsiri ya Sheria nayo inazibatilisha kanuni na sheria ndogo pale zinapopingana na sheria ya Bunge. Ikiwa sheria ndogo ya halmashauri, iliyoridhiwa na waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, inaweza kuanguka namna hiyo, kijitabu cha chama kitasimama juu ya nini?

Kinasimama juu ya hiari ya waliojiunga. Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote, na ibara ya 138 inataka kila kodi iwe na sheria nyuma yake. Mchango unaodaiwa kwa lazima, kwa kila kaya, bila sheria, unafanana mno na kodi. Wenye sehemu za majengo ya pamoja wana hali tofauti: sheria ya mwaka 2008 inayosimamia umiliki huo ndiyo iliyokiunda chama chao. Majirani wa nyumba za kawaida hawana sheria ya namna hiyo. (Chama hichohicho, niliambiwa, kimepiga marufuku ufugaji wa kuku. Singida!)

Sidharau hofu ya wakazi. Wizi wa usiku upo, na kanda hii jirani na Usukuma na Unyamwezi inayakumbuka makundi ya sungusungu ya miaka ya 1980, ambayo Bunge liliyapa nguvu ya kisheria mwaka 1989 baada ya kuwa yamekwisha kukamata watu kwa miaka kadhaa. Njia ya halali ipo: hoja ipitie Kamati ya Maendeleo ya Kata, ifike kwenye halmashauri, itungiwe sheria ndogo yenye msamaha kwa wazee na wasiojiweza. Ni njia ndefu, nakiri. Ajabu ni kwamba mwanakijiji wa Ikungi au Mkalama anaikaribia sheria kuliko mkazi wa mjini: halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikausikiliza mkutano wa kijiji na kuomba idhini ya halmashauri ya wilaya. Mtaa wa mjini haukupewa mamlaka hayo.

Chama kinachomdai mwanachama wake kiende Mahakama ya Mwanzo kama mdai mwingine yeyote. Sahihi ya mwenyekiti wa mtaa si mali ya chama. Barua ya utambulisho hutakiwa benki, polisi kwenye dhamana, na kwenye maombi ya kitambulisho cha taifa. Anayeizuia kwa deni la kundi binafsi anatumia ofisi ya umma kukusanya fedha zisizo za umma. Watendaji wa mitaa wanaosoma hapa wanalijua hilo, na wengi wao hunyamaza ili wasigombane na wenyeviti.

Fomu ya kijana ilisainiwa siku mbili kabla ya mwisho wa maombi, baada ya mjomba wake kulipa miezi yote saba. Niliomba kuiona stakabadhi. Ilikuwa imegongwa muhuri wa mtaa.